Kanzu Yangu Juu ya Kilima cha Wazee

Municheke tu, ndugu zangu, hata mimi mwenyewe nimekwisha kujicheka: mama mukwe aliniona bila nguo kabla hajanijua jina.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, nilitoka hapa Kasongo kwenda kushona nguo kwenye shamba la kahawa la muzungu mumoja kule Kivu, chini ya mulima unaotoa moto, na kule nikamupenda Furaha, kumupenda kabisa, na siku ya kwenda kujionyesha kwao nikavaa kanzu nyeupe niliyojishonea mwenyewe (siye watu wa Kasongo, bila kanzu ukweni tutaenda namna gani?). Mvua ikanikuta njiani, ikakatika nimekwisha kulowa chepechepe. Baridi ya kule, wee! Meno yakagongana. Sasa ubavuni mwa ule mulima kuna kilima kidogo, mawe yake iko na joto, mvuke unatoka katikati. Ni kilima cha wazee wao waliokufa, mutu akikichezea hapewi binti, na Furaha alikuwa amenionya. Lakini nikajisemea, nianike kidogo tu, nani ataona? Nikatandaza kanzu juu ya mawe, nikabaki na kaputula ya ndani, tena yenye tundu nyuma (fundi wa nguo mimi! Mfinyanzi hulia gaeni).

Mara nikasikia wanawake. Nikaruka nyuma ya jiwe. Alikuwa mama yake Furaha na wadogo wawili wa huyo mama, na kibuyu cha pombe ya ndizi, maana kwao mukwe hapokelewi mpaka wazee waulizwe. Akaona kanzu inafuka mvuke peke yake, akapiga magoti.

"Wazee wetu, huyu mutu wa Kasongo anayekuja leo, ni mutu mwema? Tupeni alama."

Pua ikaanza kuniwasha. Nikaibana, wapi! Chafya ikanisukuma nyuma, nikakalia jiwe la moto, na moto wake ukapita palepale penye tundu.

"Yoo, mama wee!" Nikaruka mpaka mbele yake.

Wadogo zake wakakimbia. Yeye akabaki.

"Wewe ni nani?"

"Mimi... ndiye mutu wa Kasongo."

Nikajua Furaha nimemukosa, machozi yakanitoka. Mama akageuza uso pembeni, akavua kitenge cha mabegani, akanitupia.

"Jifunike, mwanangu. Niliomba alama moja, wazee wamenionyesha zote."

Basi nikatoa jogoo kwa wazee wa kilima kulipa kosa langu, nikapewa Furaha, na kile kitenge tunacho mpaka leo. Lakini tangu siku ile nikilowa, nguo inakaukia mwilini, hata nikiwa kwangu, hata mulango umefungwa.