Mkataba Usiojua Ng'

Asubuhi moja ya mvua za kwanza nilipigiwa simu na mtunza stoo wa Ipogolo, nikiwa ofisini Mbeya. Stoo ile ni ya chama cha wakulima wa parachichi, na miche ilikuwa imeshushwa siku mbili kabla. Akaniambia kuna wanachama kumi na mmoja wanarudi getini siku ya pili sasa, na mfumo unawakataa wote.

"Unaandikaje?" nikamuuliza.

"Mwanachama hajulikani. Kila mmoja. Na mimi nawajua, dada! Mmoja ni jirani yangu."

Mfumo ule tuliutengeneza watu wawili. Mimi niliandika programu ya kupokea majina wakati wa kusajili na kuligeuza kila jina kuwa namba ndefu, ya mtu mmoja tu. Mwenzangu, baba wa watoto wawili anayefanyia kazi sebuleni kwake Mlandege, aliandika mkataba wenyewe, yaani programu inayoamua nani apewe miche, kwa lugha nyingine ya kompyuta. Ukawekwa kwenye blokcheni, yaani daftari la pamoja ambalo kikishaandikwa kitu hakifutiki. Mwanachama akifika getini, mkataba unatengeneza namba kutoka kwenye jina lake na kuilinganisha na ile ya usajili. Zikilingana, miche inatoka, hakuna karani wa kumpendelea shemeji yake. Hivyo ndivyo tulivyowaambia wakulima mkutanoni, na mimi niliamini.

Nikaomba anitumie majina ya wale kumi na mmoja. Yalipoingia sikuhitaji hata kuwasha kompyuta. Kila moja lilikuwa na ng', ile ya ng'ombe, yenye ritifaa. Simu za kusajilia ziliandika ritifaa iliyopinda. Programu yangu ikainyoosha. Getini, jina lilikwenda moja kwa moja kwenye mkataba, na mkataba ukaichukua vilevile imepinda. Kwa macho ya mtu ni jina lilelile. Kwa kompyuta ni majina mawili.

Kabla mfumo haujaanza kutumika, tuliomba wiki moja ya kujaribu kwa majina halisi ya wanachama. Bosi wetu alikataa. Alisema majaribio yameshapita, tusimcheleweshe. Yalipita kweli, kwa majina ya Kizungu tuliyoyakuta kwenye mifano, ambayo hayana ng' hata moja. Na kwa jina langu. Jina la ukoo wetu, la Kinyakyusa, lina ng' katikati, lakini nikiwa sekondari mwalimu aliifuta ritifaa kwenye fomu yangu akisema inaleta usumbufu, nami nikaendelea kuifuta mwenyewe mpaka kwenye cheti cha chuo. Nikajijaribu bila ritifaa, nikapita. Nilipokumbuka hilo niliupiga ngumi ukuta wa ofisi.

Nikampigia bosi.

"Mkataba haukosei," akasema. "Waambie wajisajili upya bila hicho kidude."

"Hicho kidude ni sehemu ya majina yao."

"Dada, hii ni teknolojia, siyo kikao cha ukoo."

Nilikata simu kabla sijamtukana. Kesho yake nilikuwa Ipogolo.

Walikuwa wamekaa juu ya viroba vitupu, ukutani, na mvua ilikuwa imekatika, jua kali. Miche yao imepangwa uani wanaiona, majani yameanza kujikunja. Mbele alikaa mama mmoja mzee kutoka Kalenga, kitenge kimefungwa vizuri kifuani, mkononi bahasha ya plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe wa kompyuta?"

"Ndiyo mimi. Mama, tatizo ni hii alama ya kwenye jina..."

"Wameshaniambia niitoe." Akafungua bahasha, akanionyesha cheti cha ubatizo, karatasi imekuwa kahawia. "Mchungaji aliliandika hili kwa wino, chumbani hamna hata umeme, na hakushindwa. Nyie mmeshindwa na nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba kosa ni letu na si la jina lake.

"Sasa kama ni lenu, mbona mimi ndiye niliyekaa juani?"

Nikamgeukia mtunza stoo, nikamwambia atoe miche.

"Bila mfumo kukubali nitafukuzwa, dada."

"Lete daftari."

Alileta daftari la shule. Nikaandika majina yote kumi na moja, ritifaa zote mahali pake, chini yake nikaandika kwamba nimeruhusu mimi, nikasaini. Miche ikatoka.

Baada ya hapo nilikwenda Mlandege. Mwenzangu alinipokea na chai, na tulianza kugombana kabla haijapoa. Yeye alidai nilipaswa kulipeleka jina lilivyo bila kulinyoosha, mimi nikadai naye alipaswa kulinyoosha. Mke wake akatuuliza kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kumuuliza mwenzake. Hakuna. Kila mmoja alikuwa ameandika kwa lugha yake na kuamini upande wa pili unafikiri kama yeye. Siku tatu tulikaa pale tukiandika upya, kazi ya kutengeneza namba ikabaki sehemu moja tu.

Mkataba mpya ulifanya kazi. Ule wa zamani upo, kwa kuwa haufutiki. Ukiufungua leo utawakuta wale watu kumi na mmoja, tarehe na saa, wameandikwa hawajulikani. Bosi aliutangaza mpya kwenye kikao kama maboresho ya toleo la pili. Nikasimama nikaeleza kilichotokea getini. Wiki ileile nikapewa barua ya onyo kwa kutoa miche kinyume cha utaratibu. Niliiacha mezani kwake bila kuisaini, na kazi nikaiacha hapohapo.

Mvua zilipokolea, mtunza stoo alinipigia: miche ya yule mama karibu nusu imekauka, ameletewa mingine, na anatuita. Tulikwenda Kalenga Jumamosi, mimi na mwenzangu. Nilianza kuomba radhi, mama akanikatiza.

"Radhi nimeisikia. Majembe yale pale."

Tulichimba mashimo mpaka saa saba mchana. Mwenzangu alitania kwamba hii ndiyo kazi yetu ya kwanza kukaguliwa na mwenye nayo kabla hatujaikabidhi. Mama akacheka. Mimi sikucheka, niliendelea kuchimba, viganja vimetoka malengelenge, nikiwaza barua ile ya onyo imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga stoo ya Ipogolo.