Nilinunua power station kubwa Makambako, mayai ya mke wangu yakapoa Njombe

Wakuu, poleni na baridi. Naandika nikiwa ndani ya blanketi hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe, na kisa hiki sijakitia chumvi. Mke wangu anasoma nyuma yangu, hata nikitaka kudanganya siwezi.

Mama Neema ana incubator ya kutotoleshea vifaranga. Umeme ukikatika na baridi hii yetu, mayai yanakufa. Akaniambia, "Baba Neema, nenda Makambako ununue power station ndogo, lile betri la kuchaji linalotunza umeme. Ndogo, umesikia?"

Nikafika dukani. Ile ndogo nikaiona kama hotpoti. Mwanaume mzima nirudi Njombe nimebeba hotpoti?

Muuzaji akauliza naitaka kwa kazi gani. Nikamjibu, "Nipe kubwa."

Kuishusha kwenye gari tulikuwa watu wawili. Mtaa ukatoka kuangalia. Raha niliyoisikia, acheni tu!

Sasa wakuu, kwetu kitu kikubwa hakina mwenyewe. Turubai, sufuria la pilau, spika: ukinunua, umeununulia ukoo.

Haukupita muda, shemeji anayeishi Kifanya, aliyemuoa dada yangu, akapiga simu. Mwanawe anapata kipaimara, MC anataka umeme wa uhakika. Shemeji unamkataliaje?

Mama Neema akanikumbusha kwamba mayai yamekaribia kutotoa. Nikamjibu, "Acha woga, umeme si upo?"

Basi siku ya sherehe tukaipeleka mashine Kifanya, nikawekwa meza kuu. MC akanitambulisha kama mfadhili wa umeme. Nikasimama, nikapunga mkono, vigelegele!

Simu ikaita, Mama Neema. "Umeme umekatika huku. Lete mashine."

Nikakimbilia mashine. Spika zimeinyonya, chaji hakuna. Na hata ingekuwepo, ningeibebaje? Bodaboda alivyoiona alicheka, akawasha pikipiki akaondoka. Ile hotpoti ningeipakata tu.

Nilimkuta Mama Neema ameyakumbatia mayai kwenye blanketi, analia. Halikutotoa hata moja. Iliniuma, sifichi.

Juzi kaenda Makambako mwenyewe, karudi na ndogo ndani ya kikapu. Kubwa iko sebuleni, haijachajiwa tangu Kifanya, tumeweka TV juu yake.

Nilichojifunza: pima kazi yako, usipime macho ya majirani.

Haya, mliowahi kununua kitu kwa sifa shusheni visa vyenu, na wenye kucheka mcheke. Ila nikichelewa kujibu mnivumilie. Umeme hakuna, simu inazima, na ile ndogo nimekatazwa kuigusa.