Nyuso Zilizopakwa Chokaa

Godelive Nimbona, binti Anselmo aliyevusha watu mto Ruzizi mwaka wa mauaji bila kuomba hata kuku, mjukuu wa Marcelline aliyemfukuza mkusanya kodi kwa mwiko wa ugali, na yeye mwenyewe mshona mapazia wa Umbilo Road aliyelea watoto sita, wawili tu wakiwa wa kuwazaa. Huyo ndiye waliyemwita mchawi kanisani kwake, Albert Park, mtaa wa wakimbizi ugenini, mwaka 2012.

Kisa ni picha. Pasta Anaclet alikuwa amemwomba achore bustani ya Edeni ukutani, nyuma ya madhabahu. Godelive akaichora alivyofundishwa ujanani Bujumbura, alipofanya kazi kwa Bibi Mahin, mke wa daktari kutoka Uajemi. Bibi yule alichora picha ndogo za kutoshea ukurasa wa kitabu, kwa brashi ya manyoya ya paka, na kila kitu ndani yake kilikuwa na maana yake. Mti wa mberoshi ni roho huru, haimwinamii mtu. Mlozi uliochanua na kuuegemea ni mapenzi. Kivuli hakuna, maana mwanga wa Mungu hautoki upande mmoja. Na mawe, ukiyatazama sana, yana nyuso, kwa kuwa mtu na mlima vilifinyangwa kwa udongo uleule.

Hayo ya nyuso Godelive hakumwambia mtu. Mawe ya Edeni yake aliyajaza nyuso za watu waliokufa njiani wakikimbia vita, wasio na kaburi: mumewe Libère kwanza, kisha ndugu wa majirani. Waumini waliimba mbele yao miaka miwili, macho yamefumbwa.

Siku ya maombi marefu, muumini mmoja, Joséphine, akafumbua macho kabla ya amina, akaona jiwe linamtazama. Akapiga kelele. Haikupita wiki, Albert Park nzima ilikuwa na neno moja: bibi kizee amefunga watu kwenye mawe.

Jumamosi Godelive alisikia harufu ya rangi tangu mlangoni. Nusu ya mlima wa mawe pale ukutani ilikuwa nyeupe. Gloriose, msusi wa pale jirani, alikuwa juu ya ngazi na rola mkononi.

"Shuka!"

"Koko, bibi yetu, rudi nyumbani. Hapa iko nguvu mbaya. Tunawafungua."

"Mnawafungua? Mnawafukia! Siku walipokufa hamkuwafukia, leo ndiyo mmepata nguvu?"

"Maman Godelive, pole pole," alisema pasta, aliyesimama chini ya ngazi na Joséphine. "Hii ni nyumba ya Mungu."

"Basi Mungu atasikia vizuri. Nawe nyamaza, Anaclet. Pua hiyo, ungekuwa jiwe nisingehangaika kukuchora."

Joséphine akacheka, akaziba mdomo kwa kitenge. Godelive hakucheka. Alinyoosha kidole chini ya mberoshi, pale rangi ilipokuwa bado mbichi.

"Hapo umempaka nani?"

"Sijui, koko."

"Mwenye kovu kwenye nyusi. Alianguka na baiskeli akikupeleka shule."

Gloriose akashuka. Akapangusa ukuta kwa kiganja, kisha kwa upindo wa nguo. Nyusi ya Vénérand, kaka yake, ikajitokeza, kovu na yote, halafu ikavurugika na weupe.

"Ulimweka hapa bila kuniuliza," alisema Gloriose, akilia. "Kaka yangu. Bila kuniuliza!"

Neno hilo lilimchoma Godelive, kwa kuwa lilikuwa la kweli, na hasira yake ikazidi kwa sababu hiyohiyo.

"Ulikaa kwangu nikikushonea pazia, ukanionyesha picha yake, ukalia kwamba hujui amelala wapi. Nikampa pahali. Ningekuuliza, ungekataa."

"Ningekataa."

"Unaona!"

Godelive hakumpangusa machozi. Alifungua mkoba, akatoa brashi ya manyoya ya paka aliyopewa na Bibi Mahin, akamtia mkononi na kumfumba vidole kwa nguvu.

"Mimi leo nikishika rangi nitachora mashetani. Ukuta ukikauka, wewe uliyefuta ndiwe utakayerudisha. Anza na kovu, unalijua kuliko mimi. Kisha mume wangu, nitakaa hapa nikikuelekeza. Wengine, nenda kwa ndugu zao, waulize kama nilivyopaswa kuuliza mimi. Na kivuli usiweke, Gloriose. Hata kimoja."