Sufuria za Ukweni Ikinga

Hadi leo nikiona sufuria inang'aa kama kioo, roho inanichafuka.

Mwaka wa mwisho chuoni nilikuwa nasoma utando: ile ngozi nyembamba, isiyoonekana kwa macho, ambayo alumini hujivika yenyewe ikikutana na hewa. Ndiyo kinga yake. Mchumba wangu alisoma darasa hilohilo, meza moja na mimi. Tuliloweka kipande cha alumini kwenye maji ya majivu, tukaangalia ngozi ikiliwa na mapovu yakitoka. "Si ndicho wanachofanya akina mama nyumbani!" akasema, tukacheka wee.

Likizo akanipeleka kwao Ikinga, nionwe. Kwao mke hupimwa kwa sufuria. Nikarundikiwa za nyumba nzima, na majivu, mchanga na magunzi juu yake.

"Sugua mpaka uone meno yako," akasema mama mkwe.

Nikasugua. Mchirizi mweusi, mzito, ukanishuka hadi viwikoni. Loo, uchafu ule! Na haukuwa masizi, ilikuwa sufuria yenyewe inatoka. Moja ilishaliwa vishimo chini, ukiibonyeza inabonyea. Nikasema kwa adabu, "Mama, tukisugua hivi tunaichuna sufuria ngozi, nayo inajitengenezea nyingine kwa mwili wake. Ndiyo maana zinakwisha."

"Haa! Vyombo navyo vinasomewa?" wifi mkubwa akadakia. "Semeni tu ni mvivu."

Jioni maharage yakachemshwa kwenye ileile yenye vishimo, na magadi, yanayoila alumini kama yale maji ya majivu, yakamwagwa humo bila huruma. Nikapakuliwa. Mchuzi ulikuwa wa kijivu, unanuka kama sarafu iliyoshikwa na jasho. Nilitamani kuirudisha sahani. Lakini kukataa chakula cha ukweni ni kuukataa ukwe wenyewe, nami nilimtaka yule mwanaume. Mikono ikasimama, wote wananiangalia mimi.

Nikamwangalia yeye. Neno moja tu lingenitosha.

Akameza tonge, akajilamba vidole, akawageukia dada zake. "Msameheni jamani. Hayo mambo ya ngozi ya sufuria hata sijui kayatoa wapi."

Nikala, nikamaliza sahani yote. Asubuhi nikapanda gari la Vwawa peke yangu. Maharage yalishuka. Yeye ndiye aliyenishinda kumeza.