Salamu za Asubuhi kwa Mtunza Samaki

Bustani yetu ya wanyama iko nje kidogo ya Bukoba, ukishapita Kibeta. Ina nyani, kobe, mamba mmoja mvivu, na banda la matangi ya samaki wa ziwani. Nilikuwa msimamizi wa watunza wanyama tulipomwajiri, kwa majaribio, mtunza samaki kutoka Muleba, mwanamume wa makamo mwenye usonji. Kazi aliiweza kama wenzake. Tatizo lilikuwa moja: hakusalimia.

Msomaji wa mbali nimweleze taratibu. Kwetu humpiti mtu asubuhi kama unavyopita mgomba. Unamshika mkono, humwachii, unamuuliza alivyolala, watoto, kibanja cha migomba, ng'ombe, na mvua ya jana. Yeye aliinua kiganja tu, akaenda zake kwenye matangi.

"Huyu ana kiburi," alisema mhasibu.

"Labda tumemkosea, waitu, ndugu zangu," alisema mama anayepika chakula cha wanyama.

Mkurugenzi alikuwa ametoka semina, akiwa amefundishwa kwamba wafanyakazi wa namna hii wasaidiwe. Akaunda kamati. Kamati ikala ndizi na nyama ya mbuzi, kisha ikaamua: kama hajazoea salamu, asalimiwe zaidi. Basi kila asubuhi tulijipanga getini, tukamshika mkono mmoja baada ya mwingine, halafu tukampigia makofi. Ijumaa kulikuwa na spika.

Nia ilikuwa safi, naomba hilo lieleweke. Lakini akaanza kuchelewa. Kisha akawa anaingia kwa kuzunguka nyuma ya banda la nyani, na siku nyingine hakuja kabisa.

"Tumempa kila msaada," mkurugenzi akasikitika. "Mwezi ukiisha, nitamwachisha kazi."

Nikamfuata kwenye matangi, nikamuuliza swali ambalo kamati haikulifikia kwa kukosa muda: yeye mwenyewe anataka nini?

Alijibu huku anasugua kioo. "Msinishike. Msinipigie kelele. Ratiba ikibadilika, niambieni siku moja kabla."

"Basi?"

"Basi. Na hiyo spika mpelekeeni mamba."

Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao tulichokiandika wenyewe kwa ajili ya wageni: usiguse, usigonge kioo, usiwalishe nje ya saa zao. Niliwaeleza wanakamati kwamba nusu ya kazi tayari tunaijua.

"Mtu si samaki," mhasibu akapinga.

"Ndiyo maana ameweza kutuambia mwenyewe."

Mkurugenzi alikunja uso. "Sasa kwenye ripoti nitaandika nini, kwamba tumeacha kumshika mtu mkono?"

Nilimsihi ajaribu kwanza, ripoti tutaitafutia maneno. Ukiwa na mfanyakazi kama huyu, nawe anzia hapo: muulize, halafu fanya alichosema. Ni rahisi kuliko kamati.

Foleni ya getini ikavunjwa, naye akarudi kupita getini, mara nyingi kabla yetu.

Mwezi ulipoisha, mkurugenzi alimletea mkataba wa kudumu hadi kwenye matangi. Mkono wake wa kulia ulimtangulia kwa mazoea, ukasimama hewani, ukaishia kukuna sikio. Mwenzake aliinua kiganja, akapokea karatasi, akaisoma yote pale pale amesimama. Mkurugenzi alisubiri bila kuulizwa hata habari za nyumbani. Sijawahi kumwona mpweke kiasi kile.

"Jumatatu ratiba ni ileile?" mtunza samaki akauliza.

"Ni ileile."

Akatia saini.