Nilimwacha baba Chennai nikakimbilia Guangzhou

Jamani, nisomeni mpaka mwisho ndipo mnitukane. Nimekosa, na niliyemkosea yuko kaburini.

Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, naishi Kalangalala, hapa Geita. Baba alikuwa mfugaji kijijini Shinyanga, na lugha yake ilikuwa Kisukuma tu. Moyo ulipoanza kumsumbua, ukoo ulichanga apelekwe India, Chennai, akapasuliwe. Nikachaguliwa mimi niende naye, niwe mdomo wake kwa madaktari.

Sasa sikieni ujinga wangu! Kabla hatujaondoka nilishapata viza ya China kimyakimya. Nilitaka karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na wenzangu huku husema uifuate mwenyewe Guangzhou, uione ikipakiwa, la sivyo unaletewa mota mbovu. Nikajisemea, si nitakuwa huko huko?

Nikaiuliza simu umbali wa Chennai na Guangzhou. Kilomita elfu tatu na ushee, ndege saa tano au sita. Nikacheka! Basi likiharibika njiani, mimi kufika kijijini kwetu huchukua zaidi ya hapo.

Upasuaji ulikwenda vizuri, baba akaanza kunywa uji. Nikamwambia naenda sokoni kumtafutia matunda. Nilimdanganya baba yangu mzazi!

Akanishika mkono. "Ng'wanawane, mwanangu, usikawie. Hapa sina wa kuongea naye."

Nikamwacha kwa Mama Zuhura, mama wa Tanga aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani. Kisukuma hakukijua hata salamu.

Kumbe zile saa za kwenye simu ni za ndege inayokwenda moja kwa moja! Tiketi yangu ya bei nafuu ilinizungusha Kuala Lumpur, na kusubiri kule kukameza siku nzima. Guangzhou nako karasha ikachelewa kupakiwa, nami nikaing'ang'ania. Wakati wa kurudi, mvua ikazuia ndege. Nilikuwa nimekwama uwanjani Mama Zuhura aliponipigia akilia.

"Kaka, mzee ametutoka. Aliongea sana, kaka, sana! Sikuelewa hata neno moja. Nikawa namshika mkono tu, namwitikia ndiyo baba, ndiyo baba."

Nililia mbele za watu kama mtoto. Alikuwa na maneno, na mimi niliyepelekwa kuyasikia nilikuwa nalinda chuma!

Msibani mama akaniuliza mbele ya ukoo mzima, "Baba yako ameacha maneno gani?" Kwetu maneno ya mzee anayeondoka hufuatwa. Watu wote wakanigeukia.

Nikatunga. Nikasema ametubariki wote, kwamba mama asilie sana, na mdogo wangu asiiache mifugo. Mungu anisamehe!

Mdogo wangu alikuwa na mtumbwi wake wa kuvulia samaki huko Nkome, ziwani, na maisha yalishaanza kumnyookea. Aliuuza wiki ile ile. Leo anachunga ng'ombe kwa agizo ambalo baba hakulitoa, na mimi namtazama tu.

Wewe unayemuuguza mzazi ugenini, nakuomba, usiiulize simu ni saa ngapi kwenda na kurudi. Kaa hapo kitandani. Mashine zipo kila siku.

Kila nikienda kijijini mama huniomba nimrudie maneno ya baba. Juzi nilikosea mahali, akanisahihisha.