Kosa la Nguzo ya Pili

Tovuti ya wanafunzi na watafiti wa uhandisi wa Kisangani niliijenga peke yangu. Wenzangu waliahidi kuleta tasnifu zao, hawakuleta, kwa hiyo niliweka yangu, ya daraja. Miezi ikapita kimya. Nilichoka. Asubuhi moja, umeme uliporudi, niliketi ili niifunge tovuti kabisa, nikakuta ujumbe wa mwanafunzi mmoja wa Bengamisa, nje ya mji, akiniita baba kwa heshima: «Papa, hesabu ya daraja yenu iko na kosa. Nguzo ya pili haiwezi kubeba uzito.»

Nilipiga hesabu upya hadi mchana. Alisema kweli. Nikasahihisha, nikamshukuru.

Akajibu: «Bon, sawa, iko kosa ingine kwenye ukurasa wa kumi na nne.»

Nilifumba macho kidogo, kisha nikaufungua ukurasa huo.